Shajara ya mradi: kuiga vishada vya jeni za kingamwili za papa

Lengo ni programu ndogo ya Python. Inapewa DNA ya vishada (vifungu vya jeni) vya kingamwili vya papa, inavikata na kuviunga kama inavyofanya seli B (seli inayotengeneza kingamwili), kisha inatoa mifuatano ya CDR3 (sehemu ya kingamwili inayokamata kitu kigeni) ya kulinganishwa na ile halisi iliyomo katika hifadhidata za umma. Mnyama wa kuanzia ni Ginglymostoma cirratum, papa anayelala chini kwenye maji ya joto ya Atlantiki. Amechaguliwa kwa sababu moja tu: kinga yake imechunguzwa kuliko ya papa wengine karibu wote.

Wiki ya 1: kuvunja mazoea ya panya

Msimbo wa kwanza uliandikwa kama vile papa ni panya au binadamu. Kwetu binadamu jeni za mnyororo mzito (mmoja wa minyororo miwili ya protini, mzito na mwepesi, inayounda kingamwili) zimekaa mahali pamoja kwenye kromosomu ya 14: vipande vya DNA viitwavyo V upande mmoja wa mbele, kisha D, kisha J, na maeneo thabiti (yasiyobadilika ndani ya aina moja ya kingamwili) nyuma kabisa. Seli B huchagua V moja, D moja na J moja. Ukichukua V 40 hivi zinazofanya kazi, D 23 na J 6, unapata michanganyiko 5,520 kabla hata ya kugusa mishono, yaani mahali vipande vinapoungana.

Papa hana mpangilio huo. Mwaka 1986 Hinds na Litman walionyesha, kwa papa mdogo wa California aitwaye Heterodontus francisci, kwamba jeni zimegawanyika katika vishada vinavyojirudia: V, D1, D2, J na eneo lake thabiti, vyote katika kifungu kimoja, halafu kifungu kingine mbali kidogo, na kingine tena. Heterodontus ana zaidi ya 100. Ginglymostoma ana vishada vya IgM (aina moja ya kingamwili) vinavyofanya kazi takriban 15. Kuunganishwa hufanyika ndani ya kishada. Kuvuka kutoka kimoja hadi kingine ni nadra.

Kosa letu lilikuwa kumimina vipande vyote katika kapu moja. Kwa vishada 15 programu ilihesabu 15 × 15 × 15 × 15 = 50,625. Jibu sahihi kwa hatua hii ni 15. Mtu anayeona tarakimu hiyo atasema papa ni maskini wa kinga, na hapo ndipo hesabu ya michanganyiko inapopotosha: utajiri wa papa hauko kwenye vipande, uko kwenye mishono. IgM ina mishono mitatu (V na D1, D1 na D2, D2 na J). IgNAR, kingamwili nyingine ya papa yenye D tatu, ina minne. Binadamu ana miwili.

Muundo wa data umebadilishwa: badala ya orodha za V, D na J, kuna orodha ya vishada, na kila kishada kinabeba vipande vyake. Kuvuka kishada kumeachwa kama chaguo, thamani yake ya kawaida ni 0.

Wiki ya 2: kuvipata vishada

Usianze kutafuta kwa V. Tulianza hivyo na matokeo yakajaa V za vipokezi vya seli T (seli nyingine za kinga), jeni mfu (zisizofanya kazi tena), na vipande visivyo na mwenyewe. Anza na eneo thabiti, ambalo ndilo linalotaja jina la kingamwili: IgM ina domeni thabiti (sehemu za protini zinazojikunja kila moja peke yake) 4, IgNAR 5, na IgW ndefu 6. Utafutaji ni wa tblastn, protini dhidi ya jenomu. Kila palipopatikana eneo thabiti, tunachukua kb 20 (besi, yaani herufi za DNA, 20,000) zilizotangulia na kutafuta V, D na J humo ndani. Hili linaondoa pia mtego wa V zinazofanana na za IgNAR zilizomo katika kipokezi cha seli T aina ya delta (NAR-TCR, iliyoelezwa mwaka 2006): V inafanana, lakini eneo thabiti linalofuata ni la kipokezi, si la kingamwili.

Matatizo mawili yanakwenda pande tofauti, na yanaweza kufichana.

La kwanza, jenomu zilizounganishwa kutoka visomo vifupi (vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine) vya besi 150 au 250 hukunja vishada vinavyofanana kuwa kimoja. Dawa ni kuangalia kina cha usomaji, yaani kila besi imesomwa mara ngapi. Ikiwa wastani wa jenomu ni 40 na eksoni (sehemu ya jeni inayosimba protini) ya IgM inasoma 600, hapo pana nakala 15 zilizolaliana. Tofauti ndogo ndogo ndani ya rundo hilo si makosa ya mashine, ni vishada vyenyewe.

La pili, jenomu za visomo virefu wakati mwingine huacha nakala ya mama na ya baba zote mbili, na hesabu inaongezeka maradufu. Kulinganisha V pekee hakusaidii, kwa kuwa vishada viwili tofauti vinaweza kufanana karibu sawa na aleli mbili (nakala ya mama na ya baba) za kishada kimoja. Tunalinganisha ubavu: kb 5 kila upande, nje ya kishada. Ubavu ukiwa ule ule, ni aleli. Ukiwa tofauti, ni vishada viwili.

Kuhusu chanzo cha DNA: damu ya papa ni chanzo kizuri, tofauti na ya binadamu, kwa sababu chembe zake nyekundu zina kiini na ni nyingi kuliko limfosaiti (seli za kinga, zikiwemo seli B) kwa mbali. DNA nyingi inayotoka humo haijapangwa upya, yaani vipande vyake havijakatwa na kuungwa.

Wiki ya 3: alama za kukatia

RAG, kimeng'enya cha seli, hukata pale penye alama: heptama (besi 7) CACAGTG, nafasi ya besi 12 au 23, kisha nonama (besi 9) ACAAAAACC. Alama ya 12 huungana na ya 23 tu. Tunasoma nafasi kutoka kwenye mfuatano wenyewe wala hatudhanii kutoka kwa panya.

Mipangilio iliyobaki baada ya majaribio: CAC ya mwanzo lazima iwe kamili, besi 4 zinazofuata zinaruhusiwa tofauti 2, nafasi ni 11 hadi 13 au 22 hadi 24, nonama inaruhusiwa tofauti 3. Kulegeza nonama bila kudai nafasi sahihi ni kujitafutia balaa, maana CAC peke yake hutokea kwa bahati mara moja kila besi 64.

Hitilafu: programu iliruhusu V kurukia J moja kwa moja kila nafasi za alama zilipokubaliana. Kwa seli B za papa, kishada kilichoanza kupangwa kwa kawaida hufika mwisho, V-D1-D2-J nzima. Sasa kishada ama hakijaguswa ama kimekamilika.

Wiki ya 4: mishono

Kila mshono una mambo mawili: besi zinazotafunwa kwenye ncha, na besi N zinazoongezwa na kimeng'enya TdT bila kielelezo. Kwa N kutoka 0 hadi 3, mshono mmoja una uwezekano 1 + 4 + 16 + 64 = 85. Mishono mitatu: 614,125. Minne: 52,200,625. Hiyo ni kwa kishada kimoja, N zikiwa chache kuliko uhalisia, na bila kuhesabu kutafunwa.

Tulipoongeza kutafunwa, tarakimu ziliruka juu kiasi cha kutia shaka, na shaka ilikuwa ya haki. Programu ilihesabu njia, si mifuatano. Kipande kinachoishia na G kikitafunwa besi moja kisha TdT ikaongeza G, matokeo ni yale yale kana kwamba hapakutokea kitu. Programu iliyahesabu mara mbili. Sasa tunazalisha kwanza, tunaweka mifuatano katika seti, ndipo tunahesabu. Makadirio yoyote ya utofauti yanayotokana na kuzidisha tu njia yamevimba.

Fremu: theluthi moja tu ya mishono hubaki katika fremu ya kusomea, yaani mpangilio wa besi tatu tatu (kodoni). Kisha kuna kodoni za kikomo, zinazosimamisha utengenezaji wa protini. Kama CDR3 ya kodoni 15 ingekuwa nasibu tupu, uwezekano wa kutokuwa na kikomo ni (61/64) kwa kipeo cha 15, yaani 0.49. Lakini TdT hupendelea G na C, na kodoni za kikomo (TAA, TAG, TGA) zimejaa A na T. Kwa mchanganyiko wa G na C asilimia 60, uwezekano unapanda hadi 0.61. Badiliko la mstari mmoja wa msimbo, na uwiano wa mifuatano hai ukapanda kwa robo. Tumeacha asilimia hiyo kama kigezo cha kurekebishwa.

Hapa vishada vingi vinaonyesha faida yake. Seli ikijaribu kishada kimoja, uwezekano wa kupata fremu ni 1/3. Ikijaribu vitatu, uwezekano wa angalau kimoja kufaulu ni 19/27, kama 0.70. Seli za papa huonekana kupanga vishada vichache tu kati ya vyote, jambo linalopunguza hatari ya seli moja kubeba kingamwili mbili. Programu inachagua 1 hadi 3 kwa seli.

Wiki ya 5 na ya 6: D za uongo

Wiki mbili zilikwenda hapa, na kosa lilikuwa letu tangu mwanzo. Ili kulinganisha na mifuatano halisi lazima ujue ni sehemu gani ya CDR3 imetoka D1, ipi D2, ipi ni N. Kiwango cha chini kiliwekwa besi 5 mfululizo zinazolingana. Matokeo: D zilionekana kila mahali, hata katika mifuatano nasibu tuliyoitengeneza kama kipimo.

Hesabu inaeleza. D ya besi 11 ina vijipande 7 vya besi 5. CDR3 ya besi 40 ina nafasi 36 za kuviweka. 7 × 36 ni majaribio 252, kila moja na nafasi 1 kati ya 1,024. Uwezekano wa kupata angalau kimoja kwa bahati ni karibu asilimia 22, na hiyo ni kwa D moja tu.

Kwa besi 7: vijipande 5, nafasi 34, majaribio 170, kila moja 1 kati ya 16,384. Inashuka hadi asilimia 1. Kiwango kikawa 7, na kisichofikia hapo kinaandikwa "haijulikani". Watu hawapendi safu yenye "haijulikani" nyingi, lakini ni afadhali kuliko D ya kubuni. Kumbuka pia kwamba D ya papa inaweza kutafunwa hadi ikaisha. Kutoonekana kwake si lazima kuwe kasoro ya programu.

Wiki ya 7: jeni zilizozaliwa zimeungwa

Baadhi ya vishada havikuwa na alama za kukatia kati ya V na J. Programu ilivitupa kama jeni mfu. Si jeni mfu: papa hurithi baadhi ya jeni zikiwa tayari zimeunganishwa, ama nusu (V na D) ama zima (V, D na J). Inaelekea RAG ilifanya kazi katika seli za uzazi, na muungano ukaingia katika urithi. IgM1gj ya Ginglymostoma, iliyoelezwa mwaka 2001, ni ya aina hii, na hutolewa kwa wingi na papa wachanga. Kwa taa mdogo wa Atlantiki (samaki jamaa wa papa), Leucoraja erinacea, jeni za mnyororo mwepesi zilizochunguzwa mwaka 1995 zilikutwa zimeungwa tayari, kiasi cha kuvunja kanuni iliyoaminiwa kwamba kingamwili haiwezi kutengenezwa bila kupangwa upya.

Jinsi ya kuzitofautisha na vitu vinavyofanana nazo:

Jeni mfu iliyorudi kutoka RNA haina introni (sehemu zinazoondolewa RNA inapotayarishwa). Jeni iliyoungwa kwa urithi bado ina introni kati ya kiongozi (kipande cha mwanzo wa jeni) na V, na introni ndefu kati ya J na eneo thabiti.

DNA ya limfosaiti iliyopangwa upya ina introni hizo pia, kwa hiyo kipimo hicho hakitoshi. Angalia mshono katika visomo vingi: wa urithi ni mmoja, haubadiliki, na unaonekana kwa kina sawa na jenomu nyingine. Wa limfosaiti unaonekana katika kisomo kimoja au viwili.

Fremu iliyovunjika bado inaweza kuwepo katika jeni iliyoungwa. Hiyo tu ndiyo tunayoihamishia kundi la jeni mfu.

Wiki ya 8: IgNAR

Iligunduliwa mwaka 1995. Haina mnyororo mwepesi: ni minyororo mizito miwili, kila mmoja na domeni geufu moja inayosimama peke yake, kama kilodaltoni 12. Asidi amino zisizopenda maji ambazo kwa kingamwili za kawaida hufunikwa na mnyororo mwepesi, hapa zimebadilishwa, ndiyo maana domeni haigandi. CDR2, sehemu nyingine ya kukamata, haipo. Kwa hiyo karibu mzigo wote wa utambuzi umekalia CDR3, na mwaka 2004 umbo la fuwele lilionyesha CDR3 ya IgNAR ya Ginglymostoma imejipenyeza katika mfereji wa kazi wa lisozimu (kimeng'enya) ya yai la kuku.

Zana za kawaida zinakwama kwenye mambo matatu:

J. Mnyororo mzito wa kawaida hutambuliwa kwa WGXG (herufi za asidi amino, X ikiwa yoyote). J ya IgNAR haina W hiyo. Mwisho wake ni kama GDGTAVTVN au GGTVVTVN. Kutafuta WGXG kulirudisha sufuri. Sasa tunatafuta V-T-V-N mwishoni, na G-T hatua chache nyuma yake.

Nambari. Mfumo wa kuzipa asidi amino nambari unaotegemea CDR2 husukuma pengo mahali pasipofaa na kukata fremu ya tatu (hapa fremu ni kiunzi kilicho kati ya CDR, si fremu ya kusomea). Tumefunga nambari kwenye sisteini (asidi amino yenye salfa) mbili za kawaida na W iliyo kati yake, na nafasi ya CDR2 imeachwa wazi kwa makusudi.

Sisteini. Aina ya I ina sisteini za ziada katika fremu ya 2 na ya 4, zinazofunga madaraja ya salfa na mbili zilizo ndani ya CDR3. Aina ya II ina moja katika CDR1 inayoungana na moja ya CDR3. D za IgNAR zina kodoni za sisteini, na fremu ya kusomea ikihama, sisteini zinahama pia. Programu ilichuja kila mfuatano wenye sisteini pweke katika CDR3 kama takataka. Kwa aina ya II huyo pweke ndiye anayetakiwa. Kichujio sasa kinahesabu sisteini za domeni nzima, na kinadai ziwe shufwa.

Aina ya III, inayopatikana kwa wachanga na kutoweka papa anapokua, ina CDR3 isiyobadilika sana. Imewekwa kando, ikichanganywa na nyingine inashusha makadirio ya utofauti bila sababu.

Anayetaka kukuza domeni ya IgNAR kwa PCR (njia ya kunakili DNA) kutoka cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA) ya Ginglymostoma anaweza kuanza na GCTCGAGTGGACCAAACACCG, ambayo inasimba ARVDQTP mwanzoni mwa fremu ya 1. Kwa papa mwingine, pima kwanza kwenye jenomu yake.

Wiki ya 10: mutesheni za baadaye

Baada ya seli B kukutana na antijeni (kitu kigeni), kimeng'enya AID hugeuza C kuwa U, hasa kwenye mipangilio ya RGYW (R ni A au G, Y ni C au T, W ni A au T), na urekebishaji wa DNA huacha alama. Uigaji wetu ulibadilisha kila besi peke yake, kwa asilimia 3. Katika V ya besi 300 hiyo ni mabadiliko 9, na jozi zinazogusana zinazotarajiwa ni 299 × 0.0009, yaani 0.27 tu. Mifuatano halisi ya papa imejaa mabadiliko yanayofuatana, mawili, matatu, manne kwa pamoja. Hilo limeripotiwa kwa mnyororo mwepesi wa Ginglymostoma tangu 2002. Tumeongeza urefu wa badiliko kama kigezo: sehemu fulani ni ya besi moja, iliyobaki ni ya 2 hadi 4.

Badiliko la besi 4 mfululizo linachanganya ulinganishaji. Adhabu ya kufungua pengo ikiwa ndogo, programu huona bora kufuta na kuingiza kuliko kukubali tofauti nne, na mutesheni inageuka kuwa "upungufu". Tumepandisha adhabu ya kufungua pengo mpaka upungufu usiogawanyika kwa tatu ukatoweka karibu wote ndani ya V.

Kuhusu muda: usilinganishe sampuli za wiki ya pili baada ya chanjo kama ungefanya kwa panya. Kwa Ginglymostoma mwitikio wa IgM nyepesi (7S) na IgNAR huchukua miezi.

Wiki ya 11: machotara

Baadhi ya mifuatano ya umma ilionekana kuwa na V ya kishada kimoja na J ya kingine. Kabla ya kushangilia kuvuka kishada: vishada vinavyofanana hivi ndivyo mazingira bora ya PCR kutengeneza machotara. Uzi uliokatika kabla ya kumalizika hugeuka kianzio kwenye kishada jirani mzunguko unaofuata. Dalili ni kwamba mahali pa kuvuka ni ndani ya V, penye mfanano mrefu, wakati RAG ingevuka kwenye mshono. Tunakubali tu kuvuka kulikotokea mshononi na kuonekana katika sampuli mbili zilizokuzwa kila moja peke yake. Baada ya sharti hilo waliobaki ni wachache sana.

Kwa wanaotengeneza data mpya: mizunguko 25 badala ya 35, muda wa kurefusha uongezwe mara mbili, na lebo nasibu ya besi 12 kwenye kila molekuli ya cDNA (uwezekano 16,777,216). Lebo yenye visomo chini ya 3 itupwe. Bila lebo, mutesheni moja pekee haiwezi kutenganishwa na kosa la usomaji. Zile za mfululizo zinatenganishika kwa urahisi zaidi.

Yaliyobaki

Mnyororo mwepesi bado haujaingizwa. Una aina nne (kappa, lambda, sigma na sigma-cart), nao umekaa kwa vishada, kwa hiyo muundo wa data uliopo utafaa.

Kigezo cha kutafunwa kwa ncha kinatumia mgawanyo mmoja kwa mishono yote. Si sahihi, D fupi katikati inatafunwa pande mbili na inapaswa kuwa na mgawanyo wake.

Jenomu inayofuata ni ya Rhincodon typus, potwe au papa shilingi wa Mafia, ambaye yuko katika oda moja na Ginglymostoma. Kuna jenomu yake ya zamani ya visomo vifupi na nyingine ya visomo virefu, kwa hiyo kipimo cha kina cha usomaji cha wiki ya 2 kitaendeshwa kwenye ile ya kwanza na kukaguliwa kwa ile ya pili. Utafutaji wa eneo thabiti umeshaanzishwa. Kulinganisha ubavu wa kb 5 ndiko kunakosubiri.